Kamera iliyogonga ndani: kisa cha harusi ya Mikindani

Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kufungua milango ya studio, nilimkuta kijana mmoja ananisubiri barazani amepakata kamera iliyoviringishwa kwenye kanga. Begi lake la kamera lilikuwa begani, tupu. Kamera aliibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayempeleka mtoto zahanati.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Sensa imekatika."

Hakusema anadhani. Alifungua kanga, akaishika kamera ikiwa imezimwa, akaitikisa karibu na sikio langu. Ko-ko. Ko-ko. Kitu kidogo chenye uzito kilikuwa kinagonga ukuta wa ndani, kama korosho kavu ndani ya ganda lake. "Umesikia?" Nilisikia, na hata aliyekuwa ng'ambo ya barabara angesikia.

Kwa msomaji ambaye si wa kazi hii: sensa ninayoizungumzia siyo ile ya watu na makazi. Ni kile kibamba kinachong'aa nyuma ya lenzi, kilichochukua nafasi ya filamu, mahali ambapo mwanga unageuka kuwa picha. Kwenye kamera ya kijana huyu ni kibamba cha milimita 36 kwa 24, chenye pikseli, yaani vinukta vya picha, 6000 kwa upana. Namba hizo zikumbuke, tutazihitaji mbele.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ushahidi wote aliokuja nao kijana ulikuwa wa kweli. Kamera iligongwa kweli, ndani mnagonga kweli, picha ziliharibika kweli, tena kuanzia saa ileile. Pamoja na hayo, sensa haikuwa imekatika.

Jumamosi yenyewe

Nilimkalisha, nikaagiza chai, nikamwambia anisimulie siku nzima kuanzia alipoamka. Mafundi wengi huanza na bisibisi. Mimi huanza na masimulizi, na si kwa busara yoyote. Niliwahi kufungua kamera ya mtu mwaka fulani nikabakiwa na skrubu mbili mkononi, na tangu hapo nimekuwa msikilizaji mzuri sana.

Mchana alikuwa uwanja wa Nangwanda Sijaona, anapiga mechi ya vijana. Alitumia lenzi ya milimita 200, ndefu ya kuvutia vya mbali, ya enzi za filamu, aliyoinunua kwa bei ya kutupa, ikafungwa kwenye kamera yake mpya-ya-mtumba kwa adapta, pete ya kuunganishia ya chuma tupu. Jua kali, shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie, moja ya elfu ya sekunde. Picha zilitoka safi, alinionyesha, jasho la kipa unalihesabu.

Jioni akaenda Mikindani, harusini. Pale akaivua ile 200, akaweka milimita 50, nayo ya zamani, kwa adapta ileile. Flashi juu. Bibi harusi kuingia, keki, wazee kuketi, zote shapu.

Mnamo saa nne usiku watu walianza kutunza. Muziki umepanda, kina mama wameinuka na noti mkononi. Shangazi mmoja, mtu wa mwili wake, akawa anarudi kinyumenyume kwa kufuata ngoma, akamgonga kijana. Kamera ikajipiga kwenye pembe ya spika. Dakika chache baadaye betri za flashi zikaisha, na za akiba alizisahau nyumbani. Akafanya ambacho ningefanya hata mimi: akapandisha aiso, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, akafungua tundu la lenzi hadi mwisho, akashusha shata hadi 1/30 ya sekunde, akaendelea na mwanga wa taa za ukumbini.

"Kuanzia pale, mjomba, hakuna picha. Mia mbili na kitu, zote zimetikisika."

Jumapili aliziona kwenye kompyuta, akaitikisa kamera, akasikia ko-ko. Akampigia fundi mmoja wa Dar es Salaam. Yule bwana akamwambia aitikise karibu na simu, akasikiliza, akatoa hukumu: mkusanyiko mzima wa sensa umekatika, ubadilishwe. Bei aliyotaja ilikaribia nusu ya bei ya kamera. Utambuzi wa ugonjwa kwa njia ya simu! Kijana alikuwa ameshauliza nauli ya mzigo kwenye basi la usiku. Nadhani alipitia kwangu apate mtu wa pili wa kumwambia maneno yaleyale, ili roho itulie.

Kwa nini inagonga

Hili la mlio lilinichukua dakika moja. Nilimwambia aiwashe kamera, kisha aitikise tena. Akatikisa. Kimya. Akaizima, akatikisa: ko-ko. Akaiwasha: kimya. Akanitazama kama mtu aliyefanyiwa mazingaombwe.

Kamera yake ya kwanza, ya miaka mingi iliyopita, sensa yake ilikuwa imefungwa kwa skrubu, haiendi popote. Kutuliza picha ilikuwa kazi ya lenzi: ndani ya lenzi kuna kioo kimoja kinachosogea kushindana na mtikisiko wa mkono. Njia hiyo ndiyo ya zamani zaidi. Nikon waliiweka kwenye kamera ndogo ya filamu mwaka 1994, na mwaka 1995 Canon wakatoa lenzi ya 75-300 yenye kitulizaji, ikafungwa kwenye kamera za kubadili lenzi. Enzi za filamu hapakuwa na namna nyingine. Filamu huwezi kuichezesha ndani ya kamera.

Sensa unaweza. Konica Minolta walilifanya hilo mwaka 2003 kwenye DiMAGE A1, mwaka uliofuata wakalipeleka kwenye kamera ya kubadili lenzi. Sony walipochukua teknolojia yao ya kamera mwaka 2006 wakaendelea nalo. Olympus mwaka 2012 wakatoa E-M5 inayotuliza mielekeo mitano ya mtikisiko, na mwaka 2014 Sony wakaingiza mielekeo hiyo mitano kwenye kamera yenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24. Kijana wangu amenunua mjukuu wa ukoo huo.

Sasa, sensa ya kutulia namna hii haishikwi na skrubu. Inakaa kwenye kitanda kinachoteleza juu ya vigololi vidogo, katikati ya sumaku za kudumu na koili za waya mwembamba. Umeme ukipita kwenye koili, sumaku inaisukuma au kuivuta, kama inavyosukumwa karatasi ya spika. Hakuna gia wala mkanda. Pembeni kuna vihisi vya sumaku vinavyosoma sensa iko wapi kila wakati. Kamera ikiwashwa, umeme unaishika sensa katikati, inaelea hapo. Ukizima, hakuna kinachoishika, inalala upande ilipoinamia. Kuna kamera zinazoifunga sensa zikizimwa, na kuna zinazoiacha. Hii inaiacha. Ukiitikisa, inagonga kingo za kitanda chake. Iligonga hivyo siku ilipotoka kiwandani, ila wakati ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kuitega sikio.

"Kwa hiyo si mbovu?"

"Huo mlio si ubovu. Picha ni jambo jingine, hatujafika."

Taa za ukumbini

Tulizifungua zile picha mia mbili kwenye kompyuta. Watu wakiangalia picha iliyotikisika huangalia uso. Mimi nataka taa. Taa ndogo ukumbini ni nukta, na nukta ikitikisika inachora mstari, na mstari huo ni shajara ya kilichotokea shata ilipokuwa wazi.

Tulichagua picha ya meza kuu. Nyuma ya bwana harusi kulikuwa na pazia lenye vitaa vidogo vya kumetameta. Tukavuta, tukavuta, mpaka kitaa kimoja kikajaza kiganja kwenye kioo. Hakikuwa nukta. Kilikuwa kijinyoya: kinaanza chini kulia, kinapanda, kinakunja kidogo kama ndoana, kinaishia juu. Tukahamia kitaa cha pili: ndoana ileile, ukubwa uleule. Cha upande wa pili wa ukumbi: ileile. Glasi juu ya meza ilikuwa na ndoana kwenye ukingo wake. Hata jicho la bwana harusi, ule mng'ao mdogo wa taa ndani ya jicho, lilikuwa na kijindoana.

Hapo mambo mawili yalijulikana. Kwanza, si watu waliosogea. Glasi haichezi ngoma. Kamera nzima, au kitu ndani yake, ndiyo iliyosogea. Pili, ndoana zilikuwa sawa katikati na pembeni. Kamera ikizunguka kama usukani wa gari, katikati ya picha panabaki safi na pembeni panachora tao. Hapa hapakuwa na tao. Mtikisiko ulikuwa wa juu-chini na kushoto-kulia.

Kama sensa ingekuwa imekatika au kukaa upande, ningetarajia kona moja ipoteze fokasi wakati kona ya pili iko sawa. Tulitoka barazani tukapiga ukuta wa jirani juani kwa shata moja ya elfu, lenzi ileile ya 50. Kona zote nne zilikuwa shapu. Sensa iko mahali pake, imenyooka. Shangazi wa watu akawa ameondolewa lawama.

Na betri za flashi? Kijana alikuwa ameunganisha kugongwa na kuharibika kwa sababu vilifuatana, lakini katikati yake flashi ilizimika. Mmuliko wa flashi ni mfupi mno, mara nyingi haufiki moja ya elfu ya sekunde. Kwenye ukumbi wenye giza, mmuliko huo ndio unaopiga picha, shata inabaki kama mlango uliosahauliwa wazi. Mkono ukitikisika, ukitulia, kwa muda mfupi hivyo hakuna kinachoonekana. Juani uwanjani ilikuwa vilevile, kwa sababu ya shata ya kasi. Maana yake ni kwamba ugonjwa huenda ulikuwepo tangu jioni, hata kabla ya nikaha, ila hapakuwa na picha ya kuuonyesha. Flashi ilipokufa, pazia likaanguka.

Jaribio la gazeti

Nilibandika ukurasa wa gazeti ukutani ndani, nikasimama kama mita tatu, lenzi ya 50, shata 1/30 kama ya harusini. Picha kumi kitulizaji kikiwa kimewashwa, kumi kikiwa kimezimwa. Mkono mmoja, pumzi moja, mtu yuleyule.

Zilizozimwa, zaidi ya nusu zilisomeka vizuri. Hilo si ajabu. Mkono wa mtu mzima aliyetulia unaweza kuishika 50 kwa 1/30, ukibahatisha kidogo. Zilizowashwa, hata moja haikusomeka. Hata moja.

Kijana akasema, "Kwa hiyo kitulizaji kimekufa." Nikamwambia hapana, fikiri tena. Kitulizaji kilichokufa kingetoa picha sawa na kilichozimwa. Hiki kinatoa mbaya *zaidi*. Kilichokufa hakiwezi kufanya madhara. Hiki kina nguvu zake zote, ila kinafanya kazi ya kuharibu.

Nikaiweka kamera jichoni, nikabonyeza shata nusu ili kitulizaji kiamke, nikaisogeza kidogo sana kwenda kushoto. Kwa kawaida ukigeuza kamera kushoto, ulichokuwa unakitazama kinahamia kulia kwenye kioo cha kuchungulia. Kitulizaji kikiwa hai, kwa mwendo mdogo, kitu hicho kinabaki karibu palepale, kama kimegandishwa kwa gundi. Gazeti langu halikwenda kulia, wala halikubaki. Lilikimbilia kushoto, upande uleule wa mkono wangu. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuliamini jicho langu.

Sensa ilikuwa inasahihisha kupita kiasi.

Hesabu inayofanyika ndani

Hapa inabidi nieleze kamera inajuaje isogeze sensa kiasi gani, kwa sababu ndipo siri ilipolala, na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Ndani ya kamera kuna jairoskopu, kichipu kidogo cha aina ileile iliyomo kwenye simu, kinachohisi inavyogeuzwa. Hakioni picha. Hakijui kuna harusi. Kinachojua ni kwamba mwili wa kamera unageuka, kwa kasi gani na kuelekea wapi. Kamera inazijumlisha kasi hizo mara nyingi mno kwa sekunde, inapata pembe: "tumegeuka digrii 0.1 kwenda kushoto."

Digrii 0.1 ni kitu gani? Ukiwa umesimama mita 10 kutoka mlangoni, ni sentimita 1.7 tu kwenye mlango huo. Mkono wa mtu aliyekunywa kahawa unaifikia bila kujua.

Lakini sensa haisogei kwa digrii. Inasogea kwa milimita. Ili kugeuza digrii kuwa milimita, lazima ujue lenzi ina urefu gani wa fokasi, kwa sababu lenzi ndefu inaikuza picha na kuukuza mtikisiko pamoja nayo. Kwa lenzi ya 50, digrii 0.1 inahamisha picha juu ya sensa milimita 0.087. Pikseli moja kwenye kamera hii ni milimita 0.006, kwa hiyo ni kama pikseli 14 au 15. Kwa lenzi ya 200, mtikisiko uleule unahamisha milimita 0.35, pikseli kama 58. Ndiyo maana wazee walitufundisha kwamba shata isipungue moja kwa urefu wa lenzi: 50 kwa 1/50, 200 kwa 1/200.

Lenzi ya kisasa ina vijipini vya chuma vya kupitisha umeme nyuma yake, na kupitia hapo inaiambia kamera, "mimi ni 50." Kamera inachukua pembe kutoka kwenye jairo, inazidisha, inasukuma sensa milimita 0.087 kuifuata picha inakokimbilia, na picha inatua palepale ilipokuwa. Mtu aliyewahi kupanda kivuko cha Msangamkuu ameshika kikombe cha chai anaijua kazi hii: chombo kinainama huku, mkono wako unakwenda kule, chai haimwagiki. Hufikirii. Kiwiliwili kinapima na mkono unalipa.

Lenzi ya kijana haina vijipini hivyo. Adapta yake ni pete ya chuma. Kwenye taarifa za picha, mahali pa milimita za lenzi palikuwa na vistari tu. Kamera haikujua ina lenzi gani, na kamera isiyojua lenzi haiwezi kupiga ile hesabu. Ndiyo maana watengenezaji wameweka kwenye menyu sehemu ya kuandika urefu wa lenzi kwa mkono.

"Uliwahi kuandika namba yoyote kwenye menyu ya kitulizaji?"

Akanyamaza. Kisha taratibu: "Nilivyonunua ile 200, jamaa aliyeniuzia alinionyesha pa kuandika."

"Ukaandika?"

"Mia mbili."

"Na ulipoweka 50?"

Hakujibu. Alikuwa ameshaingia kwenye menyu mwenyewe. Namba ilikuwa pale, tangu mchana wa mpira: 200.

Piga hesabu uone ukali wake. Mkono unatikisika digrii 0.1. Picha inahama milimita 0.087. Kamera, ikiamini imebeba lenzi ya 200, inaisukuma sensa milimita 0.35. Inaifikia picha, inaipita, inaendelea mbele mara tatu zaidi. Kilichobaki ni kosa la milimita 0.26, kama pikseli 44, mara tatu ya mtikisiko ambao ungekuwepo bila kitulizaji kabisa, tena kuelekea upande wa pili. Ni yule abiria wa kivuko ambaye chombo kikiinama kidogo yeye anaurusha mkono mpaka chai inawamwagikia majirani. Kila ndoana kwenye pazia la Mikindani ilichorwa na mashine nzima, yenye afya, iliyokuwa inatii namba.

Kosa la kinyume lipo pia, na lina huruma zaidi. Ungeacha 50 huku umebeba 200, kamera ingesahihisha robo tu ya mtikisiko, ikakuachia robo tatu. Picha ingekuwa nafuu kidogo kuliko bila kitulizaji, na pengine usingegundua kamwe. Kwa hiyo kama hujui urefu wa lenzi ya zamani, au una zuumu ya zamani inayobadilika, andika namba ya upande mfupi. Kosea kwa upungufu.

Tukaandika 50. Gazeti lilelile, ukuta uleule, 1/30: kumi kati ya kumi. Tukashusha hadi 1/8, nyingi bado zinasomeka. Kijana akataka kujaribu sekunde nzima kwa mkono, akapata moja katika sita, akashangilia kama amefunga goli. Watengenezaji huzitangaza kamera kwa kusema zinaokoa hatua tano za shata, nyingine nane. Hatua moja ni kuongeza muda mara mbili, hivyo hatua tano kwa lenzi ya 50 zingekutoa 1/50 hadi karibu thuluthi mbili za sekunde. Namba hizo hupimwa kwa utaratibu maalumu kwenye mashine ya kutikisa. Mkono wa mtu aliyekesha harusini haumo kwenye utaratibu huo. Mimi huhesabu pungufu ya wanachotangaza na sijawahi kujuta.

Jambo dogo alilouliza linafaa kuandikwa: kwa lenzi hizi bubu, je, ile mielekeo mitano yote inafanya kazi? Kwake haifanyi. Mitatu ni ya kugeuka: kuinama juu-chini, kugeuka kushoto-kulia, na kuzunguka kama usukani. Kwenye huu wa usukani ndipo sensa inapoishinda lenzi moja kwa moja, maana kuzungusha kioo cha duara ndani ya lenzi hakuzungushi picha. Miwili iliyobaki ni ya kuhama bila kugeuka, kamera nzima kwenda pembeni au juu, na kuisahihisha kunahitaji kujua mlengwa yuko mbali kiasi gani. Lenzi bubu haisemi umbali. Kwa kupiga ukumbi hilo si hasara, kwa sababu kuhama milimita moja hakuonekani kwa mtu aliye mita nne. Kwa anayepiga pete ya harusi kwa karibu sana, ni hasara.

Picha zilizobaki

Alitaka sana niseme kwamba kama namba ingekuwa sahihi, zote mia mbili zingepona. Sikusema. Tulizipitia tena, safari hii nikimwonyesha zile za kina mama wakicheza. Kwa 1/30, mkono unaorusha noti unaacha ukungu hata kamera ikiwa imejengewa kwenye saruji. Kitulizaji kinatuliza kamera, hakimtulizi shangazi. Zile za kucheza zilihitaji flashi au shata ya 1/200 na kuendelea, yaani aiso ya juu na chengachenga zake. Kwa makadirio yangu, nusu ya zile picha aliziua kwa namba 200, na nusu zingekufa vyovyote vile kwa sababu ya betri nne alizoziacha mezani kwao.

Akauliza kuhusu programu za kisasa za kunoa picha. Tulijaribu moja. Kwa meza kuu ilisaidia kidogo, maana ndoana moja iliyorudiwa kila mahali ni kitu ambacho kompyuta inaweza kukikisia na kukirudisha nyuma. Kwa nyuso ndogo za nyuma, ilimtengenezea mama mmoja meno ambayo hana. Tukaifuta ile nakala. Mama wa bibi harusi anawajua watu wake wote kwa sura.

Kazi alimpelekea mwenye harusi Jumatano: picha zote za flashi, na zile chache za mwanga wa ukumbi zilizookoka, akapunguza malipo, akaeleza kosa ni lake. Mama alinung'unika kuhusu zile za kutunza, na alikuwa na haki.

Fundi wa Dar alipiga simu kuuliza kama mzigo umeshapandishwa basi. Kijana akamshukuru, akamwambia kamera imepona. "Imeponaje?" Akamwambia, "Ilikuwa na namba ya mtu mwingine," akakata.

Kabla hajaondoka tulibandika plasta nyeupe kwenye vifuniko vya lenzi zake, moja tukaandika 50, nyingine 200. Kamera yake ina sehemu mbili za kuhifadhi mipangilio kwenye gurudumu la juu, tukaweka 50 kwenye ya kwanza na 200 kwenye ya pili, ili kubadili lenzi na kubadili namba kuwe tendo moja la kidole. Nikamwambia pia akiiweka kwenye stendi akizime kitulizaji, kama vitabu vingi vya maelekezo vinavyoagiza. Pale hakuna mtikisiko wa kusahihisha na mfumo unaweza kuanza kuhangaika na kelele zake mwenyewe.

Bodaboda ilikuwa inamsubiri. Alitaka kuifunga kamera kwenye tangi mbele ya dereva, nikamzuia. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari rasmi kwamba mtetemo mkali wa injini za pikipiki kubwa unaweza kudhoofisha kamera za simu zao, kwa sababu nazo zina vitulizaji vya jairo na sumaku. Bodaboda zetu ni ndogo, lakini barabara zetu zinafidia. Akaivaa shingoni, imezimwa, kifuani, akapanda. Pikipiki ilipokata kona nilisikia, au nilidhani nimesikia, ko-ko.